Boti ina nguvu kuliko kazi: jinsi ya kuipunguza spidi ukirambaza bila kuua mashine

Mbukwenyi wakuu. Najua mtu akisikia Dodoma anawaza zabibu, vumbi na misafara ya viongozi, ukimwambia una boti anacheka kwanza. Ila shika barabara ya Iringa, pita Fufu, teremka, karibu nusu ya safari utakutana na maji mpaka ushangae, ndo bwawa la Mtera hilo, Ruaha Mkuu umezibwa pale. Mi naishi Dodoma mjini, wikiendi zangu zinaishia huko, na hii ninayoandika ni kwa mtu mwenye shida kama iliyokuwa yangu, yani boti ina mashine kubwa, ukiiweka gia tu bila hata kugusa mafuta inakimbia kiasi kwamba samaki wa plastiki unayemvuta nyuma anaruka juu ya maji kama kipande cha mbao.

Kabla sijaenda mbali, neno. Watu wa Pwani kuvuta mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachotembea wanaita kurambaza, na mi natumia hilo hilo. Huku bara ukisema "nakokota" watu wanafikiria kokoro, ule wavu wa kukokota, na kokoro ni haramu, utaitiwa afisa uvuvi bure wakati we una mishipi yako miwili tu na ndoana zake. Na leseni ya uvuvi uwe nayo, hilo halina mjadala.

Sasa shida yenyewe. Kambale anakula chambo cha kuvutwa, lakini anataka pole pole, kilometa 3 mpaka 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea hana haraka. Hao wa baharini akina nguru unaweza ukaenda mara mbili ya hapo au zaidi na bado wakakimbiza, ila usibebe mazoea ya Pwani ukayaleta bwawani. Perege we msahau kabisa, huyo sio wa kurambaza.

Boti yangu ina urefu wa mita 6, mashine hosipawa 60, nimeinunua mtumba na mashine yake humo humo, ni kubwa kuliko inavyotakiwa lakini ndo iliyokuja. Mzee mmoja mvuvi upande wa Migoli ndo alinifundisha kupima spidi bila simu. Unachukua gunzi la mahindi, mwenzio anakaa mbele analitupa majini pembeni ya ncha ya boti, we nyuma unahesabu sekunde mpaka likufikie. Chukua urefu wa boti kwa mita, gawa kwa sekunde, zidisha kwa 3.6, umepata kilometa kwa saa. Yangu ikiwa gia ya mbele na sailensa tupu, yani mashine inazunguka yenyewe bila kuongezwa mafuta, gunzi lilinifikia kwa sekunde 3, maana yake 7.2. Mara mbili ya ninachotaka! GPS ya simu nayo inafaa, ila gunzi halizimi chaji, na tena gunzi linakupa spidi ya boti ndani ya maji, ndo hiyo anayoiona samaki, wakati GPS inakupa spidi ya juu ya ardhi. Kama kuna mkondo hizo mbili hazilingani.

Ukishajua namba yako ndo uanze kurekebisha, na hapa wengi tunaanza pabaya. Tunachukua bisibisi tunaenda kwenye skrubu ya sailensa tunaishusha. Mi nilifanya hivyo. Ikapungua kweli, nikafurahi, nikarambaza kama nusu saa, upepo wa mchana ukaanza, nikataka kukata kona nikaongeza mafuta kidogo ikakohoa ikazima, nikavuta kamba ikazima tena, na upepo unanisukuma kwenye visiki. Plagi kuja kuzitoa zilikuwa nyeusi zimelowa oili chapachapa. Mashine ya stroki mbili ikizunguka chini mno haiunguzi vizuri ule mchanganyiko wa oili na petroli, oili inabaki kwenye plagi, na pampu ya maji nayo inazunguka kivivu. Mizunguko ya sailensa imeandikwa kwenye kitabu cha mashine, irudishe pale pale uiache. Kama imepanda juu ya kitabu basi hapo sawa, ishushe mpaka kwenye namba yao, sio chini yake.

Kwa hiyo kama mashine haipungui, unabaki na njia kubwa mbili, uiongezee boti mzigo wa kuvuta, au uipunguzie propela nguvu.

Mzigo wa kuvuta kwa sisi wa kawaida ni ndoo. Ndoo ya lita 20, ile ya kuchotea maji, mdomo unatazama mbele. Inaonekana utani lakini ndoo hiyo moja kwenye kilometa 5 kwa saa inavuta nyuma kama kilo 9 hivi, na spidi ikiwa mara mbili ule mvuto hauwi mara mbili, unakuwa mara nne, kwa hiyo kwenye kilometa 10 unaongelea kilo 36. Ndo maana usiifunge kamba kwenye mpini. Mpini wa ndoo umeshikiliwa na vijitundu viwili vya plastiki, nimeshaona unavyotoka, unapiga "pwaa" halafu ndoo ndo hiyo inaenda zake Kidatu, bwawa la huko chini mtoni. Toboa matundu manne chini kidogo ya ule ukingo mnene wa mdomo, pitisha kamba nne fupi zikutane kwenye fundo moja mbele, kisha kamba moja nene kutoka hapo mpaka kwenye boti. Kwenye kitako toboa tundu la saizi ya kidole gumba, linafanya ndoo itulie isiyumbeyumbe kama kishada.

Pa kufunga ndo pana maana kuliko ndoo yenyewe. Kanuni yangu ni kwamba kamba na ndoo vikinyooshwa vyote kuelekea nyuma visiifikie propela hata siku ya bahati mbaya. Boti yangu ya mita 6 nafunga mita 2 kutoka ncha ya mbele, kamba pamoja na ndoo havizidi mita 2, kwa hiyo inaishia mita 4, kunabaki mita 2 za usalama. Ukifunga nyuma kabisa karibu na mashine, siku ukirudi kinyumenyume kamba imeshaingia kwenye panga na umeshakaa njiani. Na funga mbili, moja kila upande, sio moja. Moja inavuta pua ya boti upande mmoja, unapigana na usukani siku nzima mpaka bega linauma. Mi na ndoo moja nilipata sekunde 4 na nusu, na mbili nikapata sekunde 6, yani 3.6, pale pale nilipokuwa napataka. Gharama ni ndoo mbili na kamba.

Kamba nyembamba ya pili ifunge kwenye kitako cha ndoo uje nayo ndani ya boti, ikiwa imelegea. Ukitaka kuitoa unavuta hiyo, ndoo inageuka inamwaga maji inakuja nyepesi. Bila hiyo utavuta lita 20 za maji na boti bado inatembea, mgongo wako ndo utakwambia.

Na kamba kubwa ifunge kwa fundo la kuvuta likafunguka, sio la kung'ang'ania, na kisu kiwe karibu na mkono. Hapa sitanii. Mtera ina visiki vya miti iliyozama tangu bwawa linajaa, maji yakijaa kabisa ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni 690, sasa we piga hesabu hapo katikati kuna mita nane na nusu za visiki ambavyo mwezi wa tano vimejificha na mwezi wa kumi na moja vinakusubiri. Ndoo yangu ya kulia iliwahi kunasa kwenye kisiki, boti ikageuka ubavu ghafla, dogo niliyekuwa naye akakaa chini bila kupenda, maji yakaingia kidogo. Nilikata kamba, ndoo ikabaki na kisiki chake. Halafu kuna viboko na mamba, na ukiwa na ndoo mbili majini huwezi kukimbia kitu chochote, kwa hiyo uwe unaweza kuziachia zote ndani ya sekunde chache. Laifu jaketi vaa, usiikalie.

Kama ndoo zinakuchosha kuna kiroba. Unapinda nondo nyembamba iwe duara, unashona mdomo wa kiroba kuizunguka, unakata kona za kitako maji yapite. Kinakunjika kinakaa chini ya benchi. Ila kiroba cha sandarusi jua la huku linakimaliza haraka, kikianza kuchanika uzi uzi tupa.

Upande wa propela sasa. Hesabu yake ni rahisi, chukua mizunguko ya mashine, gawa kwa uwiano wa gia, zidisha kwa hatua ya propela, yani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, ile namba ya pili iliyogongwa kwenye propela kwa inchi, halafu geuza hizo inchi kwa dakika ziwe kilometa kwa saa. Mashine ikizunguka 900, gia 2 kwa 1, propela inazunguka 450 kwa dakika. Hatua ya inchi 13 inakupa kama kilometa 8.9 kwa saa kwenye karatasi, na propela huwa inateleza majini ndo maana mi napata 7. Ukiweka ya inchi 10 karatasi inasema 6.9, ukitoa kuteleza unakuja kwenye 5 na kitu. Inasaidia, na boti inanyanyuka haraka ukiwa umebeba watu, lakini ukifungua mafuta yote mashine inaweza kuzunguka kupita kiwango chake, kwa hiyo usifungue mpaka mwisho kwa sababu tu mkono una hamu. Mi sikununua propela kwa ajili hiyo tu.

Kuna bamba pia. Ni bati nene lenye bawaba linalofungwa kwenye lile bawa la mashine juu ya propela, ukilishusha linasimama nyuma ya propela linazuia maji yanayosukumwa, ukimaliza unalinyanyua. Linafanya kazi vizuri kweli, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Tatizo ni binadamu. Utasahau. Siku ukisahau ukafungua mafuta na bamba liko chini, ama linapinda ama linakuondolea kipande cha bawa la mashine, na hicho kipande bei yake sio ya bati. Ukiliweka basi funga kitambaa chekundu kwenye kishikio cha mafuta kila linaposhuka.

Njia ya bure ambayo watu hawaitumii ni upepo. Rambaza ukiuelekea, spidi inapungua yenyewe. Ukifika mwisho toa mishipi, rudi, anza tena, usirambaze upepo ukiwa mgongoni ukashangaa mbona boti inakimbia. Na kuingiza na kutoa gia pia inakubali, sekunde kumi ndani, sekunde kumi nyutro, chambo kinazama kinapanda, na mara nyingi kambale anagonga pale kinapozama. Ila gia iingize kwa mkato, usiibembeleze, ukiibembeleza meno yanasagana unasikia "krrr" na hiyo krrr ni hela. Kwenda kinyumenyume wengine wanafanya, maji yakiwa kioo sawa, yakiwa na mawimbi yanapanda nyuma na kuingia ndani, mi sifanyi.

Mwenye hela zaidi anunue kimashine cha pili, hosipawa 4 au 5, akifunge pembeni, kubwa ainyanyue. Hiyo ndo dawa yenyewe, mafuta kidogo, kelele kidogo, na kubwa ikigoma una kitu cha kukurudisha nyumbani. Mota ya umeme nayo ni tamu, kimya kabisa, ila zile za wastani zinakula kama ampea 50 ukizifungulia zote, betri ya ampea-saa 100 inakupa masaa mawili ya karatasi na chini ya hapo majini. Tumia betri za sola zinazovumilia kushuka chaji, sio ya gari.

Njia yoyote utakayochukua, angalia mashine inakojoa, yani ule mchirizi wa maji pembeni usikatike, ukikatika zima hapo hapo. Na kama ni stroki mbili, kila baada ya nusu saa hivi toa mishipi, toa ndoo, ipeleke nusu mafuta dakika mbili tatu iteme ule moshi wa bluu, ndo urudi kwenye kazi. Ukiona moshi umekuwa mwepesi, shusha ndoo ya kushoto, ya kulia, mwachie dogo gunzi atupe, hesabu tena.