Ukisimamishwa na trafiki: maneno yawe kabla ya mashine, na deni likaguliwe kabla ya safari

Mwanzo hauna siri. Trafiki wa Tanzania akikupiga mkono, washa indiketa, toka barabarani kabisa, zima injini, shusha kioo. “Habari za kazi, afande” inatosha. Usishuke ukimkimbilia na leseni mkononi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, kaa, atakuja. Leseni iwe inafikika, bima iwe hai (siku hizi wanaihakiki kwa namba ya gari, stika ya kioo haimdanganyi mtu), mtungi wa kuzima moto na pembetatu viwe mahali unapoweza kuvitoa bila kushusha mizigo ya harusi nzima.

Na usikunje noti ndani ya leseni. Wapo askari watakaokufungulia kosa jingine palepale, na hilo halimalizwi kwa faini ya barabarani. Ukiombwa hela wewe, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, bure.

Sasa twende kwenye sehemu yenye kazi. Askari ana mashine ndogo mkononi. Kabla hajaingiza namba ya gari na kosa, bado mnaongea. Akishabonyeza na karatasi ikatoka, hata akikuonea huruma kiasi gani, atakuambia “mfumo umeshasoma”, na hapo ujue umefika mwisho. Kwa hiyo kila swali lako liulizwe mapema, kwa sauti ya kawaida: “Afande, kosa langu ni lipi?” Mwache ataje. Kila kosa lina faini yake, hivyo akitaja mawili unalipa mara mbili, na tofauti ya moja na mawili mara nyingi inaamuliwa na namna mlivyosalimiana. (Bodaboda na bajaji walipunguziwa mwaka 2021, kosa likawa shilingi 10,000.)

Kama ni mwendo, omba kuona picha. Ni ombi la kawaida, wala si ubishi. Mwenye tochi, yaani kamera ya kupimia mwendo, yuko nyuma huko, kivulini, ametuma picha kwa simu. Aliyekusimamisha hajakuona ukikimbia. Tazama vitu vinne: namba ya gari, mwendo ulioandikwa, saa, na mahali. Magari meupe ya aina moja yapo mengi barabarani, na picha ya jirani yako haikuhusu. Kuhusu kibao cha 50: hakiishi nyumba zinapoisha, kinaisha kwenye kibao kinachokifuta. Pale katikati, ambapo kijiji kimekwisha na kibao cha kufuta bado, ndipo tochi hupenda kukaa.

Usipokubali kosa, sema hukubali kabla ya kuandikiwa. Faini ya papo hapo imewekwa kwa anayekiri. Anayekataa ana haki ya kwenda mahakamani. Lakini piga hesabu yako. Kesi itakuwa huko ulikokamatiwa, na wewe labda ulikuwa unapita tu kwenda Mbeya. Mimi ningekataa kama kosa linagusa leseni yangu au ajali. Kwa taa ya breki iliyoungua, ningelipa.

Ukiandikiwa, soma karatasi kabla ya kuondoka. Namba ya gari, namba ya leseni, kosa, kiasi. Herufi moja ikikosewa, umempelekea mtu mwingine deni, na siku moja mwingine atakuletea wewe.

Ndivyo tunavyofika kwenye deni la zamani, ambalo ndilo lililonila hela. Askari akiingiza namba ya gari, mashine haimwonyeshi kosa la leo tu, inamwonyesha kila faini ambayo haijalipwa. Unaweza kuwa hujakosa lolote asubuhi hiyo na bado usiondoke. Gari langu nililinunua mkononi kwa mtu. Siku ya kulikagua niliangalia deni, likawa sifuri. Tukakubaliana, nikatoa ya kutangulizia, naye akaomba alitumie kidogo amalizie shughuli zake. Shughuli zenyewe, nilikuja kujua kando ya barabara, zilikuwa kuendesha kwa kasi ya mtu anayejua gari si lake tena. Mashine ikasoma faini zake zote, pamoja na nyongeza ya kuchelewa kulipa. Simu yake ikawa haipatikani.

Nilikwenda ofisi ya trafiki na hati ya mauziano. Foleni ilikuwa ya kawaida: dirisha moja, kiti kimoja cha plastiki, na askari mmoja anayehudumia watu huku akipokea simu za wakubwa. Jibu lilikuwa la heshima na halikunisaidia: gari ndilo linalodaiwa, mlete aliyekuuzia mwelewane. Nikalipa, kwa sababu gari lililosimama halinunui mafuta wala halileti riziki.

Kwa hiyo, anayenunua gari afanye hivi. Aingie tovuti ya polisi, tms.tpf.go.tz, aweke namba ya gari, aangalie deni siku ya kukabidhiwa ufunguo, kabla ya kutoa hela ya mwisho, hata kama aliangalia wiki iliyopita. Kwenye hati ya mauziano iandikwe tarehe na saa ya makabidhiano, na kwamba faini zote za kabla ya saa hiyo ni za muuzaji. Deni la maegesho ni kitu kingine, liko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), nalo likaguliwe kivyake. Kisha abadilishe umiliki TRA, mamlaka ya mapato, haraka. Kadi ya gari ikibaki na jina la mwingine, kila mabishano unaanza ukiwa umeshashindwa nusu. Anayeuza naye asicheke: mnunuzi asipobadilisha jina, gari likifanya maajabu wewe ndiye utakayetafutwa.

Kulipa kwenyewe ni rahisi. Namba ya malipo ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Kwenye simu nenda sehemu ya malipo ya Serikali, iingize, hakikisha kiasi ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi, lipa. Benki na wakala pia wanapokea. Asiyekupa namba hiyo lakini anataka umtumie kwenye namba yake ya simu “akulipie”, mwambie utalipa mwenyewe. Usisubiri mwisho wa mwezi pia, maana ukichelewa unaongezewa, na nyongeza haijali mshahara umeingia au la.

Tunza ujumbe wa malipo, piga na picha ya skrini. Kuna wakati pesa imeshakatwa na mfumo bado unaonyesha deni, na askari wa kituo kinachofuata anaamini mashine yake kuliko maneno yako. Ukilipa jioni na unasafiri alfajiri, ingia tena uangalie deni limefutika. Kama bado lipo, beba ujumbe huo na karatasi ya faini, uviweke pamoja na leseni.