Kuchagua vifaa vya kutungia muziki wa okestra nyumbani kwa laptopu

Usianze na laptopu. Anza na sauti za okestra utakazotumia, maana ndizo zinazoamua RAM, diski na hata ukubwa wa kinanda. BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio, maktaba ya sampuli (yaani sauti za ala halisi zilizorekodiwa noti kwa noti), hutolewa bure na faili zake ni takribani MB 200 tu. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inaimudu. Toleo kubwa la maktaba hiyohiyo, Professional, hukaribia GB 600, na kulipakua kwa bando la simu ni kujitesa. Anayependa kuandika kwa noti achukue MuseScore Studio, programu ya kuandikia noti, pamoja na Muse Sounds, sauti zake za ala. Zote ni za bure, na kwa mwenye kuandikia kwaya na ala chache za kanisani zinatosha kabisa.

Maktaba kubwa za sampuli haziweki noti nzima kwenye RAM. Zinaweka mwanzo wa kila noti, kisha sehemu iliyobaki husomwa kutoka kwenye diski wakati muziki unapigwa. Kwa hiyo wingi wa ala unakula RAM, na wingi wa noti zinazolia kwa pamoja unaelemea diski. Sauti ikikatika pale tu okestra nzima inapolia, shuku diski. Mashine ikizubaa tangu mradi unafunguka, RAM imejaa. Diski ikiwa imetulia na bado unasikia mikwaruzo, ni prosesa au bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa.

Kwa kazi ya okestra ya kawaida, RAM ya GB 16 ndiyo kiwango cha chini, na GB 32 inakupa nafasi ya kupumua. Wengi Kampala hununua laptopu zilizokwisha kutumika Ulaya au Dubai, na hapo ndipo pa kuwa macho: nyingi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao, haiongezeki. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s, inayofanana nayo kwa jina, ina nafasi moja tu, ile nyingine imelehemiwa. MacBook Air ya M1 ni nzuri na haina feni ya kupiga kelele, lakini RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo; ya GB 8 iache dukani.

Ukiwa bado dukani, kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc na ufungue ukurasa wa kumbukumbu: utaona nafasi za RAM ziko ngapi na ngapi zimetumika. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa. Muuzaji akikataa ukaguzi huu, nenda duka la pili.

Sampuli ziwekwe kwenye SSD. Diski ya zamani ya kuzunguka haiwezi kurukaruka kati ya mamia ya faili kwa wakati mmoja. SSD ya nje ya TB 1 inafaa mradi uichomeke kwenye tundu la USB 3. Kwenye USB 2 utapata kama MB 40 kwa sekunde, na fidla zitaanza kudondosha noti. Jihadhari na diski za bei ya kutupa zinazodai TB kadhaa. Zijaze data kwa programu ya H2testw kabla ya kuziamini, kwani za bandia hukubali faili zote kisha huziharibu kimyakimya.

Kinanda cha MIDI, kile kinachotuma amri za noti kwenye laptopu, kiwe na funguo 49 au 61. Cha funguo 25 ni cha bei nafuu, lakini maktaba nyingi hutumia noti za chini kabisa kubadilishia namna ya kupiga, kutoka upinde mrefu hadi kudonoa nyuzi, na hutazifikia bila kuhamisha oktava kila mara. Muhimu zaidi ni vitelezi viwili vya kutuma amri za MIDI zenye namba (CC): kimoja kwa CC1, ambayo kwenye maktaba nyingi hupandisha nguvu ya mpigo, kingine kwa CC11, inayopandisha na kushusha sauti. Kama kinanda hakina, Korg nanoKONTROL2 ina vinane. Fidla zisizoguswa na kitelezi hulia kama kinanda cha harusini.

Hedifoni zipate fedha kabla ya spika. Boda boda, jenereta ya jirani na mvua juu ya mabati vinadai hedifoni zilizofungwa. Beyerdynamic DT 770 PRO, ya aina hiyo, inauzwa kwa ukinzani wa ohm 32, 80 na 250. Tundu la laptopu huzidiwa na ile ya 250. Spika ngoja kwanza.

Intafesi ya sauti, kile kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na spika kwenye laptopu, si lazima siku ya kwanza. Kwenye Windows, ASIO4ALL, draiva ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti, inaweza kukuvusha. Mac haihitaji chochote. Weka bafa ya 256 unapopiga, ambayo kwa 48 kHz ni ucheleweshaji wa milisekunde 5 hivi, kisha 1024 unapochanganya sauti. Intafesi inahitajika ukitaka kurekodi adungu (kinubi) au endingidi (fidla ya uzi mmoja) kwa maikrofoni. Chagua yenye draiva yake ya ASIO na umeme wa volti 48 kwa maikrofoni za kondensa. Amadinda, marimba ya Kiganda, irekodi pia, ila mpangilio wake wa sauti haulingani na noti za piano, kwa hiyo utalazimika kurekebisha ala nyingine ziifuate.

Umeme ukikatika, laptopu inabaki na betri yake, ila nyingi hupunguza kasi ya prosesa na mikwaruzo huanza. Ongeza bafa, au gandisha traki zilizokamilika, yaani zigeuze kuwa sauti iliyorekodiwa ili prosesa ipumzike. Tumia SSD inayopata nguvu kwenye USB yenyewe; yenye chaja yake huzimika katikati ya kuhifadhi. Anayetumia sola anunue inverta ya wimbi safi la sine, kwani zile za bei rahisi huingiza mngurumo kwenye spika na maikrofoni. Umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka spika, maana volti hupanda ghafla.