Faluda ya tui: jeli ya mwani isiyotepeta kwa joto la Dar

Faluda wengi tunaijua ya maziwa, ile ya futari. Hii haina maziwa wala jelatini, maana jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na ukiuliza ni mnyama gani, muuza duka mwenyewe hajui. Kinachogandisha hapa ni aga-aga, inayotokana na mwani mwekundu. Kariakoo iulizie kwa wauza viungo. Wengine wanaiita chaina grasi. Chukua ya nyuzi. (Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine, hautoi aga-aga. Usibebe kiroba kutoka Zanzibar ukadhani umepata cha bure.)

Mahitaji: aga-aga gramu 10, maji nusu lita, tui zito nusu lita, sukari vijiko 7 vya chakula, hiliki 5 za kutwanga, chumvi chembe.

1. Kata nyuzi kwa mkasi, loweka kwenye maji hayo hayo nusu saa. Zitalainika tu, hazitayeyuka.

2. Bandika pamoja na maji yake. Kazi yote iko hapa. Yakichemka punguza moto, koroga dakika kama 10. Chota kwa kijiko, kiinamishe taratibu penye mwanga: ukiona vijiuzi vinang'aa, bado. Mara yangu ya kwanza nilitia tui mapema, weupe wake ukanifichia nyuzi. Wifi yangu alionja kijiko kimoja akauliza, "Wifi, humu umetia tambi?" Tangu siku hiyo tui haliingii mpaka maji yawe maangavu kabisa.

3. Tia sukari na chumvi, kisha tui ulilolipasha moto pembeni. Likiwa la baridi, aga-aga itashikana mabonge. Moto uwe mdogo, koroga bila kuacha, likichemka litakatika. Epua, tia hiliki.

4. Chuja kwenye sinia iliyoloweshwa maji, iache mezani. Aga-aga huganda joto likishuka chini kidogo ya sentigredi 40, kwa hiyo umeme ukikatika faluda unayo. Friji ni ya kuipoza tu. Na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie sentigredi 85. Mimi huipandisha daladala hadi Mbagala na inafika na pembe zake. Krimu ya tui ikielea juu utapata tabaka mbili. Mimi naipenda hivyo. Usiyetaka, koroga mpaka iwe vuguvugu ndipo umimine.

5. Ya matunda: weka juisi ya pasheni au ukwaju badala ya tui, ila uitie baada ya kuepua, kwani uchachu ukichemka na aga-aga huilegeza. Nanasi bichi, ambalo huizuia jelatini isigande, hapa halina neno.

Ikitoka ngumu kama raba, ikatekate, irudishe jikoni na maji kidogo mpaka iyeyuke, ongeza tui, mimina upya.