Namna ya kutumia "too" bila kuharibu biashara

Mkulima wa Mtwara akimwambia mnunuzi mgeni "our cashews are too dry", anadhani kazisifia korosho zake. Mnunuzi kasikia kasoro: zimekauka kupita kiasi, zitavunjika wakati wa kubangua. Hapo ilifaa "very dry", yaani zimekauka vizuri sana.

Kosa hili linatokana na Kiswahili chetu wenyewe. Tumefundishwa kwamba "too" ni "mno", nasi "mno" huwa tunasifia pia: pweza mtamu mno, ufukwe wa Msimbati mzuri mno. "Too" kwa kawaida haisifii. Inasema jambo limevuka kipimo na sasa kuna kitu kimeshindikana.

Basi kabla hujaitamka, jiulize: kimeshindikana nini? Ukipata jibu, itumie. "The sea is too rough to cross" maana yake bahari imechafuka, leo hakuna kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Kama mtavuka vilevile ila mtalowa, sema "very rough". Wanaoongoza watalii wawe makini hapa, maana mgeni akishasikia "too rough" atadai nauli yake, na atakuwa na haki.

Kwenye mpangilio, "too" hukaa mbele ya sifa moja kwa moja: "too hot". Usiseme "too much hot". Hilo tunalisikia kila siku. "Too much" inataka jina la kitu kisichohesabika, kama chumvi: "too much salt". Vinavyohesabika vinachukua "too many": "too many passengers".

Ikija mwisho wa sentensi, mara nyingi maana yake ni "pia": "I want octopus too", na mimi naomba pweza. Ikikanushwa inalainika: "not too bad" ni kusema si haba. Na mgeni akikuambia "you are too kind" usinune, anakushukuru tu.

"Very" nayo ina mipaka yake. Haikai mbele ya kitenzi: si "I very like it", ni "I like it very much". Kwenye kulinganisha tumia "much": "much bigger". Samaki akiwa "delicious", neno hilo limeshabeba "sana" ndani yake. Ukitaka kukoleza, sema "absolutely delicious".