Baza ya kulanti inalia na tangi liko sawa? Anzia hapa

Baza ni ile kengele ya onyo kwa dashibodi, na kulanti ni maji ya kupoza injini. Ikianza kulia ukiwa kwa jam ya Waiyaki Way, cheki kwanza geji ya temperecha, kama imepanda weka gari kando uzime injini, na usifungue kifuniko cha rejeta (pale kulanti inapopozwa) ikiwa moto, hiyo maji inaruka na presha inakuchoma uso. Ngoja ipoe kabisa.

Ikipoa, angalia tangi la kulanti, lina alama za MIN na MAX. Iko chini? Ongeza, halafu tafuta inapotelea: paipu, wota pampu, chini ya rejeta. Ikiendelea kupungua na huoni tone chini, shuku hedi gasketi, ile sili kati ya bloku ya injini na hedi.

Sasa ikiwa level iko poa na bado inalia, hapo ni sensa, kile kidude kinachopima level. Nyingi ziko ndani ya tangi, kuna floti (boya dogo) yenye sumaku inayowasha swichi, na uchafu ukijaa floti inakwama chini, so gonga tangi kidogo na mpini wa bisibisi uone kama itanyamaza. Ikikataa chomoa soketi ya sensa, safisha kutu. Ikinyamaza ukichomoa, mara nyingi sensa ndio mbovu, lakini gari zingine hufanya kinyume, zinalia zikikosa saketi, so hizo unganisha pini mbili za soketi na kawaya usikie kama itanyamaza.

Sensa tafuta Kirinyaga Road, Nairobi, beba ile ya zamani mfananishe. Na wachana na maji ya mfereji, yanaleta kutu na ndiyo inakwamisha floti.