Jinsi ya kutengeneza milio ya mashindano ya maswali kama ya TV za zamani

Ramadhani iliopita hapa Langoni tulifanya mashindano ya maswali baada ya tarawehe, milio tukatumia simu na spika ya bluetooth, basi mtu anabonyeza sahii mlio unakuja umechelewa, watoto wakagombana nani kawahi. Mwaka huu nimeamua tufanye kama zamani, manake shoo za Marekani za enzi hizo buza na kengele zilikuwa vitu vya kweli, hata ile tak-tak ya Wheel of Fortune ilioanza 1975 ni vijiti vya gurudumu vinapiga ulimi. Kanda za kasha (cart, za kupigia milio iliorekodiwa) zilikuwepo pia, ziliingia redioni 1959, zinajizungusha na kusimama zenyewe pale mwanzo tayari kupigwa tena.

Buza ndio kazi. Msumari wa inchi nne uupigilie ubaoni kichwa juu, uzungushie waya wa shaba wa feni ilioungua raundi kama 300, ncha zake ukwangue vanishi kabisa la sivyo umeme haupiti. Kata ukanda wa bati la kopo la maziwa, upande mmoja ukaze, wa pili uelee juu ya kichwa cha msumari, uwazi milimita moja tu, na kwa juu uguswe na skrubu. Umeme utoke betri, skrubu, bati, waya, urudi betri, alafu swichi popote katikati. Msumari ukivuta, bati linaachana na skrubu, umeme unakatika, bati linarudi, linavutwa tena, haraka haraka mpaka linanguruma, huo ndio mlio wa kukosa! Kama halingurumi cheza na skrubu, robo raundi robo raundi, usichoke. Ukiweka juu ya sanduku tupu la mbao mtaa mzima unasikia. Betri ya volti 6 yatosha, stima ya ukutani usiguse kabisa.

Ting-tong ya jibu sahihi: bomba mbili za chuma, sentimita 40 na 45, toboa ile fupi sentimita 9 toka kila mwisho na ndefu sentimita 10, tundika kwa uzi hapo. Hapo bomba halitetemeki kwa hivo uzi hauui sauti, ukitundika kwengine inakuwa kama kugonga sufuria. Gonga fupi kwanza.

Gurudumu ni rimu ya baiskeli na kipande cha plastiki kwenye spoku, basi.

Na mpigaji wa milio akae pale anapomuona muulizaji mdomo.