Mvua ya kwanza ikinyesha, ng'ombe watoke kwenye ngitili

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, nikipita Kwimba, Magu na Misungwi nakuta jambo lilelile. Mvua ya kwanza imenyesha, siku ya tano ngitili, yaani malisho ya akiba yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, imeanza kuota ukijani, na ng'ombe wamo ndani, vichwa chini. Mwenyewe kasimama pembeni na fimbo begani, amefurahi kwamba mifugo imepata kitu kibichi baada ya miezi mitano ya mavumbi.

Ndugu zangu wafugaji, hapo ndipo mnapoiua ngitili. Haiuawi na kiangazi wala na wingi wa ng'ombe wa Agosti. Inauawa katika hizo wiki tatu za mwanzo wa mvua.

Jani la kwanza halitokani na mvua peke yake. Nyasi ya kudumu huchipua kwa chakula ilichokiweka kwenye mizizi na kwenye shina la chini tangu msimu uliopita. Inatoa sehemu kubwa ya akiba yake ili ipate majani mawili matatu ya kukamata jua, kisha majani hayo ndiyo yarudishe akiba. Ng'ombe akiyakata siku ya tano, nyasi inakopa tena kwenye mizizi. Akirudi siku ya kumi na mbili, inakopa mara ya pili. Mwaka mmoja itavumilia. Mwaka wa tatu ng'oa shina moja kwa mkono uone: linatoka bila kubisha, mizizi mifupi kama ndevu za mbuzi, na udongo umekauka chini yake kana kwamba mvua haikunyesha. Kisha nenda pembeni ya uzio wa minyaa, mahali ambapo mdomo wa ng'ombe haufiki, ujaribu kung'oa shina la aina ileile. Utahitaji jembe.

Kwato nazo zina kazi yake mbaya. Udongo uliolowa ukikanyagwa unashikana, hasa itogolo, udongo wenye tabaka gumu, ambayo hata bila ng'ombe ni ngumu kama sakafu. Maji ya mvua inayofuata hayaingii ardhini, yanateremka. Lambo linajaa tope, makorongo yanapanuka, na udongo wenu unasombwa hadi mto Simiyu na kuishia ziwani.

Vijiji vingi mmeweka tarehe ya kufunga, na dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, imeipitisha. Nawapongeza kwa kuwa na sheria, lakini tarehe yenyewe ndiyo tatizo. Mkiandika Novemba 15 na mvua ikaanza Oktoba 28, ng'ombe wanakula machipukizi kwa siku kumi na nane bila mtu kuvunja sheria yoyote. Fungeni kwa mvua, msifunge kwa kalenda. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, kama la maziwa ya unga, uliweke mahali pa wazi mbali na mti na paa. Mvua ikikatika, ingiza rula ndani. Maji yakifika milimita 20, iwe ni kwa mvua ya siku moja au ya siku mbili zinazofuatana, ng'ombe wawe wametoka ndani ya saa 48. Ukiwa huna rula, chimba kwenye luseni, udongo wa kichanga: unyevu ukifika urefu wa kiganja chako, muda umefika. Usisubiri kuona kijani. Ukiona kijani umechelewa.

Najua kinachowarudisha humo. Mzee mmoja wa Kwimba aliniambia, "Mwanangu, hawa ni maksai wanne tu, na kesho wanavuta plau. Nitalima na mifupa?" Mzee wangu alikuwa na hoja, na sikumbishia. Maksai aliyekonda halimi, na shamba likichelewa njaa inaingia nyumbani. Ila chakula cha maksai wa Novemba hutafutwa mwezi wa Mei, hakitafutwi Novemba.

Tupige hesabu pamoja. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 anakula takribani kilo 6 za majani makavu kwa siku. Maksai wanne ni kilo 24. Kwa siku 45 za kulima, ni kilo 1,080. Sasa pima ngitili yako: kata nyasi za mita moja kwa mita moja, zikaushe, zipime. Ukipata gramu 200, hesabu nusu tu, gramu 100, maana nusu lazima ibaki ardhini. Ekari moja ina kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo inakupa kilo 400. Maksai wako wanne wanahitaji nyasi za ekari tatu pungufu kidogo. Ndizo ekari za kukata.

Nimesema kukata, sikusema kuingiza maksai. Kateni mwishoni mwa Mei nyasi zinapotoa maua, kabla hazijawa kama waya, na mwache kisiki cha sentimita 10. Mwaka unaofuata kateni kipande kingine, ili hiki kipate kumwaga mbegu. Zianikwe siku mbili au tatu, kisha zishindiliwe kwenye sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Sanduku hilo linatoa robota la kilo 20 hivi, kwa hiyo mnahitaji marobota 54. Yawekwe juu ya magogo, chini ya paa. Yakinyeshewa yanaota ukungu, msiwape. Mwenye uwezo aongeze mashudu ya pamba, kilo moja kwa maksai kwa siku.

Ng'ombe wengine walishwe mabua mliyohifadhi hadi majani ya malisho ya wazi yafike magotini. Wanaozidi wauzwe Julai, wakiwa bado na mwili. Nawaona wengi wakipeleka mnadani Novemba ng'ombe anayetembea kwa kuyumba, wakapewa bei ya ngozi, halafu wakanung'unikia soko.

Januari mvua ikipumzika, msiingize ng'ombe kwa kuibia. Ngitili ni ya kiangazi, ifunguliwe mabua ya shambani yakiisha, kipande kwa kipande, na kila kipande kiachwe nyasi zikibaki urefu wa ngumi.

Jirani zetu Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, walikuwa na hekta zipatazo 600 tu za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Walifunga, wakafunga kweli.

Ikienda vizuri, mtaona nyasi ndefu za zamani zimerudi na maji ya lambo yamepungua tope.

Dagashida ikikaa Septemba, futeni ile tarehe, andikeni milimita 20, na mchague nyumba tatu za kutunza makopo, moja mlimani, moja katikati na moja mbugani, kwa sababu mvua ya huku hainyeshi kijiji kizima kwa pamoja.